Nadhiri Iliyotimizwa Njiani

Soma Zaburi 50:1–23.

Katika Zaburi hii Asafu anamwonyesha Mungu akiwakusanya watu waliofanya agano naye kwa dhabihu, ili awahukumu. Kosa lao si kuacha kuleta wanyama madhabahuni, kwa maana wanyama wote ni mali ya Bwana. Anachodai ni shukrani, nadhiri iliyotimizwa na moyo unaomwita siku ya mateso (mafungu ya 14 na 15). Kisha anamgeukia mtu anayelitaja agano kwa kinywa huku akishirikiana na mwizi (mafungu ya 16 hadi 18).

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, tarehe 19 Machi 1813. Akiwa na miaka tisa alikariri Zaburi ya 119 yote, akakosea mara tano tu, na mwalimu wake akamzawadia Agano Jipya. Akiwa na miaka kumi alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Mwaka 1841 aliwasili Afrika akiwa daktari na mmisionari.

Maisha yake hayakuwa bila dosari. Watoto wake walikua mbali naye, na mkewe Mary alizikwa kando ya mto Zambezi mwaka 1862. Alipokuwa akitafuta chemchemi za mto Naili aliishiwa, akala na kusafiri kwa msaada wa wafanyabiashara wa watumwa, ingawa aliichukia biashara yao. Huko Manyema alisoma Biblia yote mara nne. Kisha, tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, aliwaona watu wa wafanyabiashara hao wakiwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula. Wengi walizama katika mto Lualaba wakikimbia. Livingstone hakuweza tena kuendelea na watu hao. Alirudi Ujiji mikono mitupu, akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa. Haukupita muda, Henry Stanley akafika na chakula, bidhaa na barua.

Januari 1872 wawili hao walitembea kuelekea Tabora, wakikatiza misitu ya eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Stanley alimsihi arudi kwao. Livingstone alikataa. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka, na siku tano baadaye, akitimiza miaka 59, Livingstone aliandika katika shajara yake sala ya kujitoa upya kwa Yesu, nafsi yake yote. Hapakuwa na kanisa wala kwaya, lakini ile ilikuwa ibada.

Agosti alishika njia tena, akapita Ukonongo hadi Ziwa Tanganyika, mgonjwa na mdhaifu. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, watumishi wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo.

Barua zake kuhusu Nyangwe, zilizobebwa na Stanley, ziliwagusa watu wengi Uingereza. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Livingstone hakuishi kuisikia habari hiyo.

Kukariri Zaburi ni mwanzo mwema. Hata hivyo, Zaburi ya 50 inauliza pia tunatembea na nani, na tunakula faida ya nani. Mshiriki wa Mpanda leo hasafiri na misafara ya watumwa, lakini anaweza kukaa kimya mbele ya mizani ya mpunga iliyochezewa, au mbele ya kibarua aliyenyimwa ujira wake, kisha Sabato akaimba kwa sauti kuu. Mungu wa agano husikia wimbo huo, na huiona mizani pia.

Tafakari: Ni faida gani unayoipata ambayo agano lako na Mungu linakutaka uiache? Ni nadhiri ipi uliyoiweka zamani, ambayo unapaswa kuifanya upya juma hili?