George Montagu: Askari aliyemtofautisha ndege wa mashamba ya ngano

Kati ya Oktoba na Aprili, kwenye mbuga za nyasi za Kenya na Tanzania, Serengeti ikiwemo, huonekana ndege mwindaji mwembamba, wa jamii ya vipanga, akiruka chini chini akitafuta panzi. Dume ni wa kijivu na ana mstari mweusi kwenye bawa, jike ni wa kahawia. Ni mgeni kutoka kaskazini, na anaitwa kwa jina la Mwingereza aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita: George Montagu. Katika makala haya tunaangalia maisha ya mtu huyo, na kwa nini kazi aliyoianza bado inahitajika.

Maisha yenye misukosuko

Montagu alizaliwa mwaka 1753 katika mkoa wa Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Aliingia jeshini akiwa kijana, akaoa akiwa na umri wa miaka 20, kisha akapelekwa Amerika wakati wa vita vya uhuru. Aliporudi nyumbani alipanda cheo hadi kuwa luteni kanali katika jeshi la mgambo la Wiltshire.

Mambo yaliharibika baadaye. Ndoa yake ilivunjika, akaanza kuishi na Elizabeth Dorville, mke wa mtu mwingine. Mwaka 1799, baada ya mizozo na maofisa wenzake, mahakama ya kijeshi ilimwondoa kazini. Ugomvi wa urithi na mwanawe mkubwa nao ukaishia mahakamani.

Alihamia karibu na mji wa Kingsbridge, Devon, na huko ndiko alikofanya kazi iliyompa jina. Mwaka 1802 alitoa kamusi yake ya ndege, na mwaka uliofuata kitabu kuhusu konokono na kombe wa Uingereza. Elizabeth ndiye aliyechora picha.

Kulea makinda ili kupata jibu

Wakati huo, Waingereza wengi waliamini kuwa kipanga wa kijivu na yule wa kahawia mwenye mkia wa mistari ni ndege wa aina mbili. Montagu hakutaka kubishana. Alichukua makinda kutoka kwenye kiota, akawalea, akangoja. Madume walianza na manyoya ya kahawia, kisha wakageuka kuwa wa kijivu. Kumbe walikuwa dume na jike wa aina moja.

Katika uchunguzi wake aligundua pia kwamba miongoni mwa ndege hao wa kijivu kulikuwa na aina nyingine, mwembamba zaidi. Huyo ndiye anayebeba jina lake leo.

Tusimfanye kuwa mhifadhi. Kama wataalamu wengine wa enzi zake, aliwapiga ndege risasi ili awachunguze. Lakini huwezi kumlinda ndege usiyeweza kumtofautisha na jirani yake.

Kiota ndani ya ngano

Ndege huyu hutaga mayai chini, na katika Ulaya magharibi viota vingi sasa vimo ndani ya ngano na shayiri. Makinda huhitaji takriban wiki tano kabla ya kuruka. Mashine ya kuvunia ikifika mapema, hufa. Uingereza, nchi ya Montagu mwenyewe, amekuwa adimu mno.

Nchini Ufaransa na Hispania, watu wa kujitolea hukaa kando ya mashamba na kutazama. Dume humpa jike chakula wakiwa angani, na jike hurudi nacho kiotani. Hapo mtazamaji anajua mahali pa kutafuta. Kisha huzungumza na mkulima, naye huacha kipande kidogo bila kuvunwa, au kiota huzungushiwa uzio. Bila ridhaa ya mkulima hakuna linalowezekana.

Wengi wanaofika Afrika Mashariki hutoka nchi kama Urusi na Kazakhstan. Wale wa Ulaya magharibi huishia ukanda wa Saheli. Popote wanapofika wanategemea panzi na nzige, hivyo sumu ya wadudu inaweza kuwanyima chakula huku kwetu pia.

Montagu alikanyaga msumari wenye kutu, akapata pepopunda, na akafariki Juni 1815. Kilichobaki ni ile njia yake: kukaa karibu na kiota na kutazama kwa subira. Kwa makinda yaliyo ndani ya ngano mwezi Juni, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuruka na kukatwa.