Lucy Lameck: Muuguzi ambaye wodi ilimkosa

Lucy Lameck alizaliwa mwaka 1934, Njoro, Moshi. Alisomea uuguzi, lakini hakutaka kufanya kazi chini ya mfumo wa kikoloni uliobagua Waafrika. Akajiunga na TANU, akasoma Uingereza na Marekani, akawa mbunge, kisha mwanamke wa kwanza nchini kuwa naibu waziri. Baadaye alihudumu Wizara ya Afya. Alifariki mwaka 1993.

Taifa lilipata kiongozi, wodi ikakosa muuguzi. Hata hapa Mpanda, muuguzi aliyechoka au anayedharauliwa hukosea dozi kwa urahisi, au huomba uhamisho. Mzazi, ukiona mmoja anahudumia wodi nzima, peleka malalamiko kwa uongozi wa hospitali, usimgombeze yeye.