Tarehe 14 Juni: Maisha ya Don Pringle

Kila tunapokutana, watoto huniuliza kwa nini mkutano wa ukoo huwekwa mwezi wa Juni. Mimi huwajibu kwa kuwasimulia habari za mtu asiyekuwa wa ukoo wetu. Mwaka huu nimeombwa niziandike, zisije zikapotea.

Mtu huyo ni Donald James Pringle, ambaye wapenzi wa kriketi walimjua kwa jina la Don. Alizaliwa tarehe 1 Mei 1932 mjini Prestwich, katika jimbo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Baadaye aliihama nchi yake akaweka maskani Kenya, na huko Nairobi, tarehe 18 Septemba 1958, akazaliwa mwanawe Derek. Safari yake, basi, ilikuwa kinyume cha yetu. Sisi tuliiacha pwani tukaja kuuzoea ubaridi, naye aliuacha ubaridi akaenda kuota jua la kwetu.

Don alikuwa mrushaji mpira wa mwendo wa wastani. Mwaka 1975 Uingereza iliandaa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi kwa wanaume, lenye timu 8. Mojawapo ilikuwa timu ya Afrika Mashariki, iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Don, aliyekwisha kutimiza miaka 43, akachaguliwa kuwa miongoni mwao.

Mchezo wa kwanza ulikuwa tarehe 7 Juni hapa hapa Birmingham, katika uwanja wa Edgbaston, dhidi ya New Zealand. Don hakuwamo, na timu yetu ilishindwa kwa mikimbio 181. Tarehe 11 Juni aliingia uwanjani Leeds kucheza na India. Afrika Mashariki ilipata mikimbio 120, na India ikaifikia bila kupoteza wiketi hata moja. Siku hiyo Bishan Bedi wa India alirusha ova 12 akatoa mikimbio 6 tu.

Kisha ikafika Jumamosi ya tarehe 14 Juni, na timu ikarudi Edgbaston kukabiliana na Uingereza. Nilikuwa mtoto wa miaka 11, na mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi ya zamu kiwandani, alinichukua ili niwaone watu wa kwetu. Waingereza walitangulia kupiga. Dennis Amiss, mzaliwa wa Birmingham, alifikisha mikimbio 88, nami nikajikuta nikimpigia makofi, kwani ndiye tuliyekuwa tukimwiga mitaani. Mjomba aliniangalia asinene neno. Uingereza ilifikisha 290. Watu wetu, mbele ya kasi ya John Snow aliyeangusha wiketi 4 kwa mikimbio 11, walitoka wote kwa 94. Ndani ya basi hatukuzungumza. Usiku nilimsikia mjomba akimwambia mama kwamba mtoto huyu amekwisha kupotea.

Don Pringle hakupata wiketi yoyote katika michezo yake miwili. Hata hivyo, mtoto wa Lancashire alisimama katika ardhi ya Uingereza akavaa rangi za Afrika Mashariki, akatumia nguvu zake zote kujaribu kuwaangusha Waingereza wenzake. Alikuwa amechagua kwao ni wapi, na uchaguzi huo hakuuficha.

Hakujaaliwa kuishi muda mrefu baada ya hapo. Tarehe 4 Oktoba 1975, wiki 16 kamili tangu siku ile ya Edgbaston, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya. Mwanawe Derek alikuwa ametimiza miaka 17 siku chache tu kabla.

Derek alisoma na kucheza Uingereza. Tarehe 10 Juni 1982, katika uwanja wa Lord's, alianza kuichezea Uingereza michezo ya siku tano, dhidi ya India ile ile iliyomkabili baba yake. Miaka miwili baadaye Uingereza ilikutana na West Indies huko Edgbaston, na mchezo ukaanza tarehe 14 Juni 1984, miaka 9 kamili tangu baba yake aliposimama uwanjani hapo. West Indies walifikisha mikimbio 606 na kushinda kwa urahisi, lakini Derek aliangusha wiketi 5.

Mjomba aliisikia habari hiyo redioni, jikoni kwetu, akapiga makofi. Nilimwuliza ni tangu lini anaishangilia Uingereza. Akanijibu kwamba mtoto wa Don ni mtoto wa Nairobi, hata akivaa shati gani. Kisha akanitazama kwa muda, akanimiminia chai. Tangu siku hiyo hakusema tena kwamba nimepotea.

Tarehe 25 Machi 1992 Derek alicheza fainali ya Kombe la Dunia mjini Melbourne, akaangusha wiketi 3 kwa mikimbio 22, ingawa Pakistan ndiyo iliyotwaa kombe. Mjomba naye hayupo tena, na mwaka 2025 mchezo ule wa Edgbaston ulitimiza miaka 50.

Watoto wetu waliozaliwa hapa wasilazimishwe kuchagua upande kabla ya kupewa chai. Nami naomba kila nyumba iandike katika kurasa tupu za mwisho wa kitabu hiki tarehe zake za kuzaliwa, za kufiwa na za safari, ili wajao wazikute.