Mukabi: Mwalimu wa Kiswahili Asiyeshika Chaki

Mwaka jana nilihudhuria matanga huko Khwisero, katika Kaunti ya Kakamega. Vijana waliokodiwa kupiga muziki usiku huo waliishiwa na mafuta ya jenereta, spika zao zikanyamaza. Ndipo mzee mmoja alipotoa gitaa kuukuu, akaketi kando ya moto na kuanza kulicharaza. Mwenzake akaokota chupa ya soda na msumari, akawa anaigonga na kuikwaruza kwa mapigo yasiyopotea hata mara moja. Wazee na akina mama waliokuwa wakisinzia wakainuka mmoja baada ya mwingine. Waliimba kwa Kiswahili, si kwa Kiluhya, na wimbo wenyewe waliujua neno kwa neno.

Nilikuwa nimefuatana na wanafunzi wangu watatu. Niliwauliza kama wanamjua mtunzi wa wimbo ule. Hakuna aliyemjua. Wote watatu ni wazaliwa wa Kakamega, na wote wanasomea ualimu wa Kiswahili.

Mtunzi huyo ni George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Makala haya nayaandika kwa ajili ya wanafunzi hao, na kwa ajili ya walimu waliowafundisha, nami nikiwa mmoja wao.

Mukabi alikuwa mtu wa Kisa, mojawapo ya jamii ndogo za Waluhya, ambao nchi yao leo ndiyo hiyo Khwisero. Kizazi chake kilikua katika nyakati za misukosuko. Wanaume wa magharibi ya Kenya walikuwa wakienda Nairobi kutafuta kazi, wengine wakielekea kwenye mashamba ya walowezi na ya majani chai. Wengine walikuwa wamerejea kutoka Vita Vikuu vya Pili, vilivyomalizika mwaka 1945. Watu hao walirudi na mablanketi, baiskeli, saa za mkono na, kwa waliobahatika, gitaa. Aidha walirudi na lugha. Mtu aliyelala chumba kimoja na Mkamba, Mjaluo na Mtaita hakuwa na budi kujifunza Kiswahili, na alikifunza pasipo kitabu wala mwalimu.

Katika mazingira hayo ndipo ulipozaliwa mtindo wa gitaa uitwao omutibo, na ndani ya mtindo huo jina la Mukabi ndilo linalotajwa mbele ya mengine yote. Kidole gumba hushikilia nyuzi za besi, kikipiga mapigo ya chini bila kusita, huku kidole cha shahada kikidonoa nyuzi nyembamba kutoa sauti ya juu. Asikilizaye bila kuona hudhani kwamba wapigaji ni wawili. Kando yake huwapo chupa, hasa ile ya Fanta yenye migongo, ikigongwa kwa chuma. Wajuzi wa muziki husikia humo mwangwi wa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo shirika la UNESCO liliitia mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Kwa maneno mengine, chombo kilikuwa kigeni, lakini mkono ulioushika haukusahau ngoma ya nyumbani.

Haifai kudai kwamba Mukabi aliota kama uyoga. Gitaa la vidole viwili lilikuwa likivuma kote Afrika Mashariki na ya Kati. Bingwa wake alikuwa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Mwaka 1959 Mwenda aliletwa Kenya kutangaza dawa ya Aspro, akakaa kwa miezi kadhaa. Naye pia aliimba kwa Kiswahili, lakini kilikuwa Kiswahili cha migodini Katanga, ambacho Mwamu au Mmvita angekisikiliza huku amekunja uso. Basi tazama jambo hili la ajabu: Mkongo na Mluhya, wote wawili wakiishi mbali na bahari, walisikilizana na kusikilizwa kwa lugha ya pwani.

Nyimbo za Mukabi zilienea kwa santuri. Uliopendwa kupita zote ni Sengula Nakupenda, wimbo wa mapenzi ambao wazee wa hapa Kakamega hadi leo hawausikii pasipo kutabasamu. Upo pia Mtoto si Nguo, wimbo ambao jina lake pekee lina uzito wa methali.

Hapa naomba msomaji aniruhusu niungame. Kabla ya kuingia chuo kikuu kufundisha isimu, nilikuwa mwalimu wa shule ya upili. Siku moja nilisahihisha insha ya mvulana aliyekuwa ameandika nomino mbili zikifuatana bila kihusishi cha -a kati yake. Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika kosa pembeni, nikampunguzia alama. Alikuja na daftari lake kuniuliza, kwa adabu zote, kosa lilikuwa wapi, maana ndivyo babu yake alivyozoea kuimba. Nilimjibu kwamba babu yake hakuwa mtahini. Darasa likacheka. Mvulana yule hakuniuliza swali jingine mpaka alipomaliza shule.

Miaka ilipita. Katika muongo wa 2010, nyimbo za Mukabi zilikusanywa kutoka katika santuri kuukuu na kutolewa upya na kampuni ndogo ya ng'ambo. Mkusanyo huo unaitwa Furaha Wenye Gita. Nilipoliona jina hilo nilimkumbuka mvulana yule. Sarufi sanifu ingedai kihusishi kati ya furaha na wenye, na kamusi ingedai gitaa, si gita. Kwa kalamu yangu ya zamani, jina hilo lenye maneno matatu lingepata mistari miwili myekundu. Hata hivyo, hakuna mzungumzaji wa Kiswahili hapa magharibi ambaye halielewi, na hakuna ambaye halihisi.

Sisemi kwamba sarufi ni upuuzi. Mimi hula mkate kwa sarufi. Ninachosema ni kwamba Kiswahili sanifu kina tarehe yake ya kuzaliwa. Lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Nchini Kenya, Kiswahili hakikuwa somo la lazima na la kutahiniwa shuleni mpaka ulipoanzishwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Kuanzia kamati hiyo hadi mtihani huo ni zaidi ya nusu karne. Ni nani aliyekibeba Kiswahili hadi vijijini Kisa, Bunyore na Butsotso katika kipindi hicho chote? Si vitabu vyetu. Kilibebwa na askari, na makuli wa reli, na wachuuzi, na wapiga gitaa. Bibi aliyekesha kando ya moto pale Khwisero hakuwahi kuingia darasa la Kiswahili. Alikipata kwa Mukabi na wenzake, kikiwa na matamshi ya Kiluhya na kikiwa kimepungukiwa vihusishi, lakini kikiwa hai.

Maisha ya Mukabi hayakuwa marefu, na mwisho wake haukuwa mwema. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake yenyewe, aliuawa katika ugomvi uliotokana na mambo ya unyumba. Wako wanaopenda kumpamba marehemu mpaka asitambulike hata na mama yake. Mimi naona heshima ya kweli ni kusema kwamba aliyewaasa wengine juu ya ndoa na malezi alikufa kwa mgogoro wa nyumbani mwake, na kwamba mawaidha yake hayakupoteza ukweli kwa sababu hiyo. Wahenga walisema mganga hajigangi.

Kule Marekani alikuwapo mpiga gitaa wa bluzi aitwaye Robert Johnson. Naye alitembea na gitaa lake peke yake, akarekodi nyimbo 29 tu katika miaka ya 1936 na 1937, na akafariki mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27, katika mazingira yasiyoeleweka hadi leo. Robo karne hivi baada ya kifo chake, nyimbo zake zilitolewa tena katika santuri ndefu ya mwaka 1961, na vijana wa Uingereza kama Eric Clapton wakazisikiliza kana kwamba ni maandiko. Leo jina lake limo katika vitabu vya historia ya nchi yake. Johnson naye hakuimba Kiingereza cha darasani. Hata hivyo, hakuna profesa wa huko anayethubutu kumpigia mstari mwekundu.

Mukabi naye hakukosa warithi. Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery, kutoka Bunyore, waliushikilia mtindo huo, na nyimbo zao zikatolewa London mwaka 1989, kisha tena mwaka 1992. Mwanawe Mukabi, Johnstone Ouko Mukabi, aliyempoteza baba angali mtoto mchanga, alikua akawa mpigaji wa omutibo yeye mwenyewe. Hata gitaa la umeme la wanamuziki kama Sukuma bin Ongaro limebeba damu ya mkondo huo. Isitoshe, wageni walimtambua kabla yetu. Mwingereza John Low, alipoandika historia ya gitaa nchini Kenya mwaka 1982, alimpa Mukabi nafasi yake. Sisi, tunaotembea kwa miguu hadi kijijini kwake, tumempa nini?

Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kuwa lugha ya taifa. Ni jambo la kushangilia. Ila lugha rasmi isiyojua ni nani walioibeba mgongoni ni kama mtoto aliyepata cheo akawakana waliomlea. Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni dogo, wala halihitaji fedha za serikali. Mnapofundisha fasihi simulizi, msiishie kwenye mifano ya vitabuni. Watumeni wanafunzi kwa babu na bibi zao, wakiwa na simu zinazonasa sauti, wakusanye nyimbo za omutibo kabla waimbaji hawajamalizika. Kisha wazichambue darasani: wapi msanii amefuata sarufi sanifu, wapi ameiacha, na ni sarufi gani ya Kiluhya iliyojaza pengo hilo. Mwanafunzi atajifunza usanifu bila kulazimishwa kumdharau babu yake.

Wale wanafunzi wangu watatu wameanza. Mmoja wao amerudi Khwisero kwa mzee yule wa gitaa na kunasa nyimbo kumi na moja. Ameziandika zote kama zilivyoimbwa, bila kusahihisha hata neno moja. Nilipozisoma, mkono ulininyemelea kalamu nyekundu kwa mazoea. Niliirudisha mfukoni.

Ama kuhusu mvulana wa insha ile, sasa ni mtu mzima mwenye familia, na sijui kama anaukumbuka mkasa ule. Ikiwa anasoma ukurasa huu, ajue kwamba alama zake nimemrudishia.