Francis Herrick na mayai ya kamba

Katika kitivo chetu tumezoea kusimulia maisha ya washairi na watunga riwaya. Mimi nimemchagua mwanabiolojia, Francis Hobart Herrick, kwa sababu kazi yake inatufundisha jambo linalotuhusu sisi watu wa maandishi: usemi uliozoeleka si ushahidi.

Kwanza nimtaje kiumbe aliyemchunguza, maana jina lake linatatiza. Kwetu Kongo ukisema kamba, wengi wanafikiria ya kufungia mzigo. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanamjua pia kamba wa baharini, na aliye mkubwa wanamwita kambakoche. Lakini kambakoche hana magando makubwa; huyo ndiye langouste ya Wafaransa. Kamba wa Herrick ni homard, mwenye magando mawili mazito, anayeishi katika maji baridi ya mashariki ya Marekani na Kanada. Hapa nitamwita kamba tu.

Herrick alizaliwa mwaka 1858 katika mji wa Woodstock, jimbo la Vermont. Alisoma Dartmouth, kisha akapata udaktari Johns Hopkins mwaka 1888. Mwaka huohuo alianza kufundisha biolojia Cleveland, mji ulio kando ya ziwa Erie, mbali na bahari kama sisi tulivyo mbali. Alikwenda pwani, kwenye kituo cha serikali cha uvuvi huko Woods Hole, ili amchunguze kamba: anavyokula, anavyojivua gamba, na hasa anavyozaa.

Wakati ule kamba walikuwa wanapungua sana, na kila mtu alikuwa na neno lake. Wengi waliamini kwamba jike hutaga kila mwaka. Herrick alionyesha kwamba kwa kawaida hutaga mara moja tu katika miaka miwili, kisha anabeba mayai chini ya mkia kwa muda wa miezi 10 au 11. Aliona pia kwamba watoto wakitoka kwenye mayai huelea karibu na uso wa maji, wakiwa chakula cha kila mpita njia. Ni baada ya kujivua gamba mara tatu ndipo wanapofanana na wazazi wao, na punde wanashuka chini kujificha.

Lakini ugunduzi wake mkubwa ulitokana na kuhesabu. Alichunguza maelfu ya majike wenye mayai, akapata utaratibu huu: jike wa inchi 8 hubeba mayai 5.000 hivi, wa inchi 10 hubeba 10.000, wa inchi 12 hubeba 20.000, na wa inchi 14 hubeba 40.000. Ni kusema, kila urefu ukiongezeka inchi mbili, mayai yanakuwa maradufu. Aliyachapisha haya mwaka 1895, na akayarudia kwa upana zaidi mwaka 1911.

Tazama sasa tatizo lililotokea. Sheria ziliwakataza wavuvi kuchukua kamba wadogo, zikawaruhusu kuchukua wakubwa wote. Kwa masikio yetu hiyo ni haki: mtoto alindwe, mkubwa aliwe. Ila hesabu ya Herrick ilionyesha kwamba kwa njia hiyo watu walikuwa wakiwamaliza wazazi wenyewe. Nazo serikali, zikijaribu kuponya hali, zilitotolesha mayai kwa mamilioni na kuwamwaga watoto baharini wakiwa bado wachanga kabisa, tena kila mwaka ziliandika ripoti zenye tarakimu za kufurahisha. Herrick alisema watoto hao walelewe mpaka waweze kushuka chini, na sheria iwe na vipimo viwili, cha chini na cha juu, ili mvuvi achukue wa katikati tu na kuwaachia bahari wakubwa wanaozaa.

Hawakumsikiliza upesi. Kamba mkubwa alikuwa na bei, na mvuvi aliyemtoa majini alikuwa na watoto wa kulisha. Mwaka 1933 jimbo la Maine liliweka vipimo viwili. Herrick alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, naye alifariki mwaka 1940. Sheria ya namna hiyo ingali inatumika Maine hadi leo.

Kwa nini basi nimlete katika jarida la lugha? Kwa sababu mtu huyu aliandika pia kitabu cha maisha ya mtu. Mwaka 1917 alitoa mabuku mawili juu ya Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege, ambaye watu walisema alizaliwa Louisiana. Herrick alifuata hati za zamani zilizoandikwa kwa Kifaransa na kuhifadhiwa Ufaransa, akathibitisha kwamba Audubon alizaliwa mwaka 1785 huko Les Cayes, katika nchi ambayo leo ni Haiti. Alifanya kwa hati kama alivyofanya kwa mayai.

Mimi naona hapo kipimo cha kazi yetu. Tukiandika tasnifu juu ya mtunzi au juu ya neno, tusitosheke na yale ambayo kila mmoja huyarudia. Twende kwenye hati, twende kwa wasemaji, tuhesabu wenyewe. Na tukisha kuhesabu, tuyaseme tuliyoyaona hata kama sheria itachelewa kutusikia.