Archimedes na Silinda Yake

Likizoni kule Jinja hesabu ya silinda ilimtoa machozi mdogo wangu. Nikabandua karatasi ya mkebe wa maziwa, nikaikunjua: mstatili mtupu! Urefu wake ni mzingo wa mkebe, upana wake ni kimo. Ukiongeza duara mbili, za mfuniko na kitako, umepata eneo lote. Niliporudi shuleni hapa Mbale nikasoma habari za Archimedes, bingwa wa hesabu hizi.

Alizaliwa Syracuse, kisiwani Sicily, yapata mwaka 287 K.K. Mitambo yake ya vita iliwatisha Warumi walioshambulia mji huo. Lakini yeye alipenda zaidi jambo hili alilolithibitisha: tufe likienea barabara ndani ya silinda, eneo la uso wake ni theluthi mbili za eneo lote la silinda ile. Akawaomba jamaa zake waweke maumbo hayo mawili juu ya kaburi lake. Mitambo hakuitaja, nami nastaajabu.

Mwaka 212 K.K. Warumi waliuteka mji, na askari mmoja akamwua, ingawa jemadari Marcellus alitaka asidhuriwe. Wenyeji wakalisahau kaburi. Mwaka 75 K.K. Cicero, ofisa wa Kirumi, alilitafuta akalikuta limezibwa na miiba. Alilitambua kwa nguzo ndogo iliyochomoza vichakani, na juu yake tufe na silinda.