Pinin, fundi wa bodi aliyetuletea Spider na Pijo

Kama umelelewa Nakuru na una ndugu mkubwa au mzazi wa kukusimulia, lazima umeskia habari za Pijo. Peugeot 504 stesheni wagoni, siti safu tatu, mizigo imefungwa kwa keria, dereva amevaa kofia na anaamini barabara ya Nairobi ilijengwa kwa ajili yake peke yake. Watoto walitupwa safu ya nyuma kabisa, magoti karibu na kidevu. Leo steji imejaa shuttle, na Pijo iliyobaki utaikuta imepumzika juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wakiwa ndani.

Kumbe hiyo Pijo ina ndugu Ulaya ambaye maisha yalimwendea poa. Ni gari dogo la spoti, siti mbili, paa la turubai unalokunja kwa mkono mmoja ukiwa umekaa. Alfa Romeo Spider. Mmoja alibeba viazi na kuku, mwingine alibeba watu wa sinema. Wote wawili wametoka karakana moja mjini Turin, Italia, na karakana hiyo iliitwa kwa jina la utani la mwenyewe.

Jina lake halisi ni Battista Farina. Alizaliwa tarehe 2 Novemba 1893 huko Cortanze, mkoa wa Piedmont, mtoto wa 10 katika familia ya watoto 11. Alikuwa mfupi, na nyumbani wakambandika jina Pinin. Kwa lugha ya kwao ni kama sisi tunavyomwita mtu Kadogo. Jina likamshika hadi uzeeni, tena likaishia kwenye mabati ya Ferrari.

Akiwa na miaka 12 hivi aliingia kazini kwa kaka yake Giovanni, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza bodi. Siku hizo kampuni ya gari ilikuuzia injini na chesisi tu. Bodi ulienda kutafuta mwenyewe kwa fundi, kama vile leo unavyonunua lori halafu unalipeleka kwa watu wa kuchomelea bodi. Mafundi wa Turin walitengeneza kiunzi cha mbao, wakachukua bati, wakaligonga kwa nyundo hadi likalala juu ya mbao bila kuacha mkunjo. Hakukuwa na mashine ya maana. Ilikuwa ni jicho, kiganja na masikio, maana fundi mzuri anaskia bati likilia vibaya kabla halijapasuka.

Hiyo ndiyo shule aliyosoma. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo nakubali naegemea upande mmoja hapa, lakini ngoja nimalize: mwaka wa 1963 chuo kikuu cha ufundi cha Turin kilimpa digrii ya heshima ya usanifu. Miaka 12 nyundo mkononi, karibu 70 digrii. Ni sawa tu.

Kijana alianza kuonekana mapema. Alikuwa hajafika 20 wakati Fiat ilihitaji sura ya rejeta ya gari lake dogo lililoitwa Zero, na mkubwa wa Fiat, Giovanni Agnelli, akachagua ya Pinin badala ya zile za watu wake wa ofisini. Mwaka wa 1920 akasafiri hadi Marekani kuona viwanda vya Detroit. Henry Ford akamwahidi kazi. Akakataa, akarudi nyumbani. Alichobeba ni wazo kwamba bodi zinaweza kutengenezwa nyingi kwa mpango, si moja moja kwa kila tajiri anayebisha mlango.

Karakana yake mwenyewe aliifungua 1930, tayari ana miaka 36 na familia. Fikiria huo mwaka. Uchumi wa dunia umeanguka, watu wanauza magari badala ya kununua, halafu wewe unaacha kazi kwa kaka yako kwenda kuanza biashara ya bodi za kifahari. Vincenzo Lancia, mwenye kampuni ya Lancia, alimshika mkono. Na ikashika.

Kisha ikaja vita. Turin ililipuliwa kwa mabomu, na Italia ikajikuta upande ulioshindwa. Sasa hapa ndipo pale napenda zaidi katika maisha ya huyu mzee.

Mwaka wa 1946 Paris ilifanya maonyesho ya kwanza ya magari baada ya vita. Waitaliano wakaambiwa hakuna nafasi, walikuwa maadui. Pinin hakuandika barua ya kulalamika. Alichukua magari mawili aliyoyatengenezea bodi, Alfa Romeo moja na Lancia moja, moja akaendesha yeye, lingine mwanawe Sergio, wakavuka milima hadi Paris. Wakayaosha, wakayaegesha nje kabisa ya mlango wa Grand Palais ambapo maonyesho yalikuwa yanaendelea. Watu waliolipa tiketi wakatoka nje kuyaangalia, wengine hata hawakufika ndani. Kwa lugha ya mtaa, alifungua kibanda chake kando ya supamaketi na akauza kuliko supamaketi.

Wakati huo huo alikuwa ameshika kazi ya Cisitalia 202. Ukiiona picha yake leo unaweza kushangaa kelele ni za nini, inaonekana gari la kawaida tu. Sababu ni kwamba karibu kila gari uliloliona tangu hapo limeiga. Zamani bodi ilikuwa vipande vilivyobandikwa: madigadi huku, taa zimesimama kama masikio pale, boneti katikati kama jeneza. Yeye alifanya kila kitu kikatiririka kama ngozi moja, taa zikazama ndani ya madigadi. Jumba la sanaa ya kisasa la New York liliionyesha 1951, na baadaye likaiweka katika mkusanyiko wake wa kudumu. Kazi ya watu wa nyundo, ndani ya jumba la picha.

Hadithi ya Ferrari pia ni tamu. Enzo Ferrari alimhitaji Pinin, Pinin alimhitaji Ferrari, lakini hakuna aliyetaka kuonekana amekwenda kubisha hodi kwa mwenzake. Wazee wawili wa Kiitaliano, vichwa ngumu. Mwishowe 1951 wakakutana kwa mkahawa mjini Tortona, mahali palipo katikati, kila mtu akasafiri kiasi chake. Ferrari ya kwanza iliyotoka kwa hayo mazungumzo, mwaka uliofuata, ilikuwa ya kufunguka paa.

Hizo za kufunguka paa ndizo zilimtoa kwa karakana zikamwingiza kiwandani. Lancia Aurelia Spider, ile B24, zilitengenezwa kama 240 tu, na leo moja iliyofufuliwa vizuri imewahi kupita dola milioni 1 mnadani. Lakini iliyolipa mishahara ni Alfa Romeo Giulietta Spider ya 1955. Wamarekani waliitaka, maagizo yakaja kwa maelfu, na 1958 akafungua kiwanda kipya Grugliasco, nje ya Turin. Kijana wa nyundo na mbao sasa ana mashine za kukandamiza bati.

Na mwaka huo huo wa 1955 ndipo sisi tunaingia. Peugeot ya Ufaransa ilikuwa imemwendea Pinin kwa ajili ya gari la familia, likatoka 403. Mwaka wa 1960 likafuata 404, lenye mabawa madogo nyuma na mistari iliyonyooka. Waingereza nao walikuwa wamempa kazi, na ndiyo maana ukikutana na Morris Oxford ya miaka hiyo ukadhani ni 404, kosa si lako. Mzee aliuza sura zinazofanana kwa majirani watatu.

404 iliifaa Afrika Mashariki kuliko pengine popote. Safari Rally ya 1963 ilianza na magari 84, ikanyesha, matope yakafanya kazi yake, yakamaliza magari 7 pekee. Ya kwanza ilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Hao hao wakashinda tena 1968, na tena walimaliza 7. Katikati, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland kutoka Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, tena kwa 404. Ushindi mara nne. Tukienda leo kuona magari ya WRC yakipasua vumbi Soysambu na Elementaita, na yanapendeza, sikatai, hakuna hata moja ambalo mtu wa Nakuru anaweza kulinunua Jumatatu na kulipakia maziwa. 404 iliyoshinda ilikuwa ya duka.

Pinin hakuuona ushindi wa 1966. Tangu 1961 alikuwa amemwachia Sergio na mkwewe Renzo Carli kampuni, na mwaka huo huo rais wa Italia aliidhinisha jina la utani liunganishwe na la ukoo. Familia nzima kisheria ikawa Pininfarina. Hebu fikiria serikali ikiidhinisha ukoo wako uitwe Kadogo. Mwezi Machi 1966, kwenye maonyesho ya Geneva, kitambaa kikaondolewa juu ya gari la mwisho ambalo mkono wake uliligusa: Alfa Romeo Spider, ile ya mwanzo iliyoitwa Duetto. Injini ya cc 1570, gia tano, breki za diski magurudumu yote, mkia mrefu wa mviringo hadi Waitaliano wakaiita mfupa wa ngisi. Tarehe 3 Aprili akafariki Lausanne, Uswisi, akiwa na miaka 72. Wiki iliyofuata, wikendi ya Pasaka, 404 ya Shankland ikashinda Safari.

Spider iliendelea kutengenezwa hadi mapema miaka ya 1990, ingawa 1970 walikata ule mkia. Na 504 ikazinduliwa 1968, miaka miwili baada ya kifo chake, sura ikiwa imetoka kwa watu aliowafunza. Zile taa za mbele zilizokaa kama macho ya mtu mwenye usingizi ni kazi ya karakana hiyo. Ikaja kwetu, ikaunganishwa Kenya hadi miaka ya 2000, na ile stesheni wagoni ikapewa springi nne nyuma, ndiyo maana uliweza kupakia watu na gunia na bado ikasimama wima.

Kufufua Spider ni biashara kubwa Ulaya na Marekani, na ugonjwa wake ni kutu. Maji yanapita pembeni mwa turubai, yanajificha chini ya kapeti, yanakula sakafu na kile chuma kirefu kinachopita chini ya mlango. Sasa, gari lisilo na paa linategemea hicho chuma kubeba kila kitu. Ukikikata bila kufikiria, gari linajikunja katikati kama godoro. Kwa hivyo fundi anayejua kazi huanza kwa kuchomelea nguzo za muda kwenye nafasi ya mlango, anapima, ndipo anakata. Bei ya kazi hiyo yote inaweza kupita bei ya gari lenyewe, na watu wanalipa.

Pijo haina paa la turubai, lakini chuma cha chini ya mlango inacho, na kutu ni ile ile. Tofauti ni hesabu. Hapa kwetu mwenye 504 iliyooza hupigiwa simu na mtu wa vyuma chakavu, anayelipa kwa kilo. Mwezi uliopita nilikuwa kwa jua kali hapa Nakuru kwa shughuli nyingine kabisa, nikakuta moja, stesheni wagoni, rangi ya krimu, milango ya upande mmoja imetolewa. Mwenyewe alikuwa amekataa pesa za chakavu, ilikuwa ya babake, na majirani walikuwa wamemaliza kumcheka.

Fundi alikuwa amepachika vipande viwili vya bomba kwenye nafasi ya mlango, kimoja kimelala, kingine kimekaa mshazari, halafu ndipo akaanza kukata chini. Hakuwa ameona Spider hata kwa simu. Nikamuuliza nani alimfunza kuweka hizo nguzo kwanza, akasema ni kaka yake, ambaye walianza naye kazi akiwa darasa la saba. Kipande kipya alikikunja mwenyewe juu ya reli ya zamani, akigonga, akipitisha kiganja, akigonga tena. Jioni wakarudisha mlango wa mbele kwenye bawaba. Ulikwama kidogo kwa juu. Akaufungua, akaweka ubao, akaugandamiza kwa goti, akaufunga tena.